Chaguo namba sita: kisa cha timu iliyojijenga upya bila kukimbilia kwotabeki

Kwa nini majina hayapo

Kisa hiki ni cha kweli. Kinahusu timu moja ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, na drafti tatu zilizoitoa mkiani zikaifikisha nusu fainali. Nimeondoa jina la timu, la mji na ya watu wake. Siri haipo, yote yalitangazwa mchana kweupe. Tatizo la majina ni kwamba huja yamebeba matokeo mgongoni. Ukisikia jina la mchezaji ambaye leo ni nyota utasema "huyo hata mimi ningemchukua", na hapo umeshapoteza nafasi ya kuupima uamuzi wenyewe. Anayefuatilia NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ataitambua timu kabla hajamaliza sehemu ya usuli. Namwomba atulie, asiwaharibie wenzake.

Timu na watu wa nje ninaowataja kwa kulinganisha nimewaacha na majina yao.

Drafti hii ni ipi

Si ile ya vizibo vya soda kijiweni. Kwetu timu ikivurunda, viongozi husubiri dirisha la usajili, tajiri akatoa pesa, na mashabiki wakaenda uwanja wa ndege na vuvuzela kumpokea mchezaji mpya. Kwenye NFL chipukizi anayetoka chuo kikuu hachagui timu. Kila Aprili timu 32 hukaa foleni kwa raundi saba, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikiwa mbele, na kila moja ikifikiwa zamu inataja jina. Aliyetajwa ni wao. Zamu hiyo ndiyo inaitwa chaguo, na inaweza kuuzwa, kuunganishwa na nyingine, hata kubadilishwa miaka miwili kabla haijafika.

Utaratibu huu ulipendekezwa na Bert Bell mwaka 1935 na ukaanza 1936. Mchezaji wa kwanza kabisa kutajwa, Jay Berwanger, hakucheza NFL hata mechi moja. Aliona kuna kazi nyingine zinazolipa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chaguo ni tiketi tu. Watu wanalisahau hilo kila Aprili.

Mambo mawili ya pesa lazima yaeleweke, la sivyo kisa hiki hakitaeleweka. La kwanza, kuna ukomo wa mishahara: mwaka 2021 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 182.5 na si zaidi, tajiri awe na pesa kiasi gani. La pili, tangu 2011 mkataba wa chipukizi bei yake inafuata namba aliyochaguliwa, kwa miaka minne, na wale wa raundi ya kwanza timu inaweza kuwaongezea wa tano. Maana yake kijana akiwa mzuri kweli, unampata kwa bei ya chini kwa miaka minne huku wenzako wakilipa mara nne au tano kwa mtu wa kiwango hichohicho. Ujenzi wote wa timu umesimama juu ya pengo hilo la bei.

Usuli

Nitaiita Timu ya Kaskazini. Mara yake ya mwisho kushinda mechi ya mtoano ilikuwa Januari 1992. Mwaka 2008 ilipoteza mechi zote 16 za msimu. Kwa zawadi ya aibu ile ikapewa chaguo la kwanza la 2009, ikamchukua kwotabeki, yule mtu anayeanzisha kila shambulizi na kurusha pasi. Alikuwa na mkono wa ajabu. Akakaa misimu 12, akarusha mpira hadi rekodi za klabu zikawa zake, na hakushinda mtoano hata mara moja.

Msimu wa 2020 walishinda mechi 5 na kupoteza 11. Ulinzi wao uliruhusu pointi 519, nyingi kuliko timu yoyote msimu ule. Mwishoni mwa Novemba meneja mkuu na kocha wakafukuzwa siku moja.

Januari 2021 wakaja wawili wapya. Meneja mpya alikuwa ametumia maisha yake ya kazi kusaka vipaji vyuoni kwa ajili ya klabu moja ya pwani ya magharibi. Kocha alikuwa mchezaji wa zamani, mtu wa maneno makali, ambaye mkutano wake wa kwanza na waandishi ulichekwa nchi nzima. Kilichochekwa kidogo ni kipengele kimoja cha mkataba wake, nacho nitakirudia baadaye: miaka sita.

Wiki hizohizo kwotabeki mkongwe, anayekaribia miaka 33, akaomba kuondoka.

Uamuzi wa kwanza: kupokea mzigo

Ofa zilikuwa kadhaa. Mojawapo, kwa mujibu wa ripoti za wakati ule, ilikuwa na chaguo namba 8 la mwaka uleule wa 2021. Hiyo ni ofa ya kushikika: Aprili inafika, unakwenda mbele na namba 8 mkononi.

Kaskazini wakaikubali nyingine. Timu ya Magharibi, kule alikotoka Meneja, iliwapa chaguo moja la raundi ya tatu la 2021, la raundi ya kwanza la 2022, na la raundi ya kwanza la 2023. Pamoja na hayo ilimtoa kwotabeki wake mwenyewe, kijana wa miaka 26 aliyewahi kuipeleka fainali, lakini mwenye mkataba wa dola milioni 134 ambao Magharibi waliuona umewakaba koo. Wachambuzi walilisema wazi: sehemu ya yale machaguo ilikuwa malipo ya kumbeba yeye. Nitamwita Kwotabeki wa Fidia, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoonekana siku ile.

Kwa nini ofa ya mbali badala ya ya karibu? Sababu niionayo mimi ni kwamba Kaskazini hawakuwa na shida ya mchezaji mmoja. Ukiwa na ulinzi ulioruhusu pointi 519, namba 8 moja haiponyi kitu. Walihitaji tiketi nyingi zilizotawanywa katika misimu kadhaa, na walihitaji mtu mzima wa kushika usukani wakati vijana wanakua. Kwotabeki wa Fidia aliwapa hilo la pili, japo hakuna aliyemhesabu.

Aprili 2021: namba 7

Kwa kushinda mechi tano, Kaskazini walipata namba 7. Drafti ile ilikuwa na makwotabeki watano waliotajwa raundi ya kwanza: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields na Mac Jones. Zamu ya Kaskazini ilipofika, watatu walikuwa wameshaondoka, Fields na Jones bado wapo.

Timu mbovu, meneja mpya, kwotabeki wa kuokoteza, na vijana wawili wa nafasi hiyo mezani. Vitabu vyote vya uoga vinasema chukua mmoja. Wao wakamchukua mtu wa safu ya mbele, jitu la karibu kilo 150 ambalo kazi yake ni kumzuia adui asimfikie kwotabeki, halipigi pasi wala halishiki mpira. Video ya chumba chao siku ile ipo: Meneja anaruka na kupiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, kwa sababu hakuamini kama kijana yule angefika namba 7.

Mwaka huohuo, raundi ya pili na ya tatu, wakachukua watu wawili wazito wa katikati ya ulinzi, mfululizo. Raundi ya nne, namba 112, wakachukua mpokeaji wa pasi ambaye wapokeaji 16 walikuwa wametajwa kabla yake. Kijana huyo aliyakariri majina ya wote 16 na vyuo vyao, na amekuwa akiyataja hadharani kwa mpangilio kila akiulizwa. Kinyongo cha aina hiyo hakionekani kwenye vipimo vya mbio, lakini Meneja alikuwa amezoea kukitafuta.

Msimu wa kuburuza mkia

Hadi mwanzo wa Desemba 2021 walikuwa wameshinda 0, wamepoteza 10, wametoka sare 1. Mechi moja waliipoteza kwa teke la yadi 66, refu kuliko yote katika historia ya ligi hadi siku ile, lililogonga mwamba wa chini na kudundia ndani. Ukiwa shabiki wa timu ya namna hiyo unaanza kuangalia kalenda ya drafti kuliko ratiba ya mechi.

Tarehe 5 Desemba, sekunde chache zimebaki, wako yadi 11 kutoka mstari wa mwisho, nyuma kwa pointi nne. Kwotabeki wa Fidia akarusha. Aliyedaka ni yule namba 112. Ushindi wa kwanza, 29 kwa 27.

Halafu ikaja mechi ya mwisho ya msimu, Januari 2022, na hapa ndipo penye kisa ndani ya kisa. Kaskazini walikuwa na ushindi wa mechi mbili. Wakipoteza, na Jacksonville wakashinda mechi yao, chaguo namba 1 la drafti ni lao. Wapinzani walikuwa mabingwa wa kundi wasio na cha kupigania. Kupoteza kungekuwa rahisi kama kuteleza kwenye matope, na hakuna ambaye angelaumu. Wakashinda, 37 kwa 30. Namba 1 ikaenda Jacksonville.

Mashabiki wengi walikasirika. Mimi pia, kwa kweli, niliona wamejipiga risasi mguuni. Lakini Kocha alikuwa anawaambia vijana wa miaka 22 kila siku kwamba kila mchezo una thamani. Asingeweza siku hiyo moja kuwanong'oneza kwamba leo hauna.

Aprili 2022: namba 2, na kuruka foleni

Jacksonville wakamtaja Travon Walker. Kaskazini, kwa namba 2, wakapata mtu wa kumkimbiza kwotabeki wa adui, mzaliwa wa jimbo lilelile, aliyesoma chuo cha jimbo hilo. Kadi yenye jina lake ilipelekwa haraka sana. Hapo hakukuwa na uamuzi mgumu.

Ugumu ulikuwa kwenye namba 32, chaguo la Magharibi. Lilikuwa 32, la mwisho kabisa kwenye raundi, kwa sababu Magharibi na kwotabeki mkongwe walikuwa wameshinda fainali kuu mwezi Februari. Tiketi ya kwanza ilitoka dhaifu kadiri inavyowezekana.

Kaskazini wakaliunganisha: walitoa 32, 34 na 66 kwa jirani wa kundi lao, wakapokea 12 na 46. Kwa namba 12 wakamchukua mpokeaji mwenye mbio za kutisha ambaye Januari alikuwa amechanika kano ya goti.

Kuna jedwali la zamani la thamani ya machaguo, lililotokana na Jimmy Johnson alipokuwa kocha wa Dallas mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambalo timu nyingi bado huanzia hapo. Namba 1 ina pointi 3,000. Kwa jedwali hilo Kaskazini walitoa pointi 1,410 wakapokea 1,640. Kwa lugha ya mtaani, jirani alipigwa. Majedwali mapya yanayoweka gharama ya mishahara ndani ya hesabu hayaoni hivyo. Yanapunguza sana pengo kati ya namba 12 na namba 34, na kwa macho hayo dili lilikuwa la kawaida. Jirani mwenyewe kwa namba 32 alimchukua beki aliyevunjika mguu katika msimu wake wa kwanza. Hilo halimo kwenye jedwali lolote.

Raundi ya tatu, kwa namba 97, chaguo la ziada ambalo ligi huwafidia nalo waliopoteza wachezaji, Kaskazini walichukua beki wa nyuma ambaye watu wengi hawakumjua. Muweke akilini.

Msimu wa 2022 ulianza kwa ushindi 1 na vipigo 6. Oktoba mmiliki alilazimika kujitokeza mbele ya waandishi na kuomba subira. Siku chache baadaye wakamuuza taiti-endi wao mkubwa, yaani mtu wa kudaka na kuzuia kwa pamoja, aliyekuwa chaguo namba 8 la mwaka 2019, wakapokea chaguo la raundi ya pili na la tatu. Kila mtu aliona bendera nyeupe. Wakamaliza na ushindi 9 na vipigo 8.

Aprili 2023: chaguo namba sita

Wakati huo Magharibi walikuwa wameporomoka. Mabingwa wa Februari, majeruhi kila kona, walimaliza 2022 na ushindi 5 na vipigo 12. Tiketi ya pili ikatoka namba 6.

Kaskazini walikuwa na 6 na 18. Kila mchambuzi alikuwa na orodha: beki wa pembeni, mtu wa ulinzi wa mbele, labda kwotabeki wa kumrithi wa Fidia. Usiku ulipofika wakauza 6 pamoja na 81 kwa timu ya jangwani (si wa Jangwani mnaowajua), wakapokea 12, 34 na 168. Kwa jedwali la Johnson ni karibu sawasawa: 1,785 kwa 1,783 hivi.

Namba 12 wakachukua mkimbiaji na mpira. Namba 18 wakachukua laini-beka wa katikati, mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi. Hizi ni nafasi mbili ambazo kwa miaka zaidi ya kumi wataalamu wa takwimu wamekuwa wakisema usizinunue raundi ya kwanza, kwa kuwa sokoni zinapatikana kwa bei nafuu na wakimbiaji huchakaa haraka. Vyombo vingi vya habari viliwapa alama za chini usiku ule. Kesho yake, kwa 34, wakachukua taiti-endi, pale pengo lilipoachwa na yule waliyemuuza Novemba. Kwa 45 wakachukua beki ambaye wengi walidhani angetajwa raundi ya kwanza.

Matokeo

2023: ushindi 12, vipigo 5, ubingwa wa kundi wa kwanza tangu 1993. Mkimbiaji, laini-beka, taiti-endi na beki wa 45 wote walicheza kwa uzito tangu mwaka wa kwanza. Taiti-endi alidaka pasi 86, rekodi ya chipukizi wa nafasi ile kwa wakati huo.

Tarehe 14 Januari 2024 mtoano ukafika nyumbani kwao, na mgeni alikuwa Timu ya Magharibi na kwotabeki mkongwe. Huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Niliitazama kwenye simu chini ya shuka, sauti imezimwa. Hata bila sauti ungeona midomo ya mashabiki: walikuwa wanaimba jina la Kwotabeki wa Fidia, silabi kwa silabi, huku mkongwe aliyewatumikia miaka 12 akizomewa. Wakashinda 24 kwa 23. Miaka 32 ikaisha kwa pointi moja. Wakashinda tena wiki iliyofuata, kisha nusu fainali wakaongoza 24 kwa 7 hadi mapumziko na kupoteza 34 kwa 31.

Msimu wa 2024 walishinda 15 na kupoteza 2, na wakatolewa kwenye mtoano wao wa kwanza. Yule beki wa namba 97 aliongoza ligi kwa kudaka pasi 9 za wapinzani. Mkimbiaji alifunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, mara 20.

Uchambuzi

Nianze na kwotabeki, maana hapa ndipo ujenzi mwingi unapovunjika. Kwenye ile orodha ya 2021 ya watano, hadi mwanzo wa msimu wa 2024 wanne walikuwa wameshaondoka kwenye timu zilizowachagua: Lance, Fields, Wilson na Jones. Si kwamba wote ni wabovu. Wengi wao walitupwa kwenye timu zisizo na safu ya mbele wala wapokeaji, wakapigwa hadi wakapoteza imani. Kaskazini walipanga kinyume: kwanza anayemlinda, kisha anayemdakia, na kwenye kiti wakamweka mtu ambaye hakuna aliyemtarajia kuwa mwokozi. Washington walifanya kinyume mwaka 2012. Walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na moja la pili ili wapande hadi namba 2 wamchukue Robert Griffin III. Alikuwa chipukizi bora wa mwaka upande wa ushambuliaji. Goti likaenda, na hakukuwa na machaguo ya kumjengea ukuta.

Je, namba 6 ilikuwa akili au bahati? Hapa sikubaliani na wanaomtukuza Meneja. Januari 2021 hakuna mtu aliyejua kwamba Magharibi wangeanguka 2022. Walichokuwa nacho Kaskazini ni misimu miwili tofauti ya timu nyingine, timu yenye wachezaji wakubwa kiumri na isiyo na machaguo yake yenyewe ya raundi ya kwanza ya kujiongezea vijana. Timu ya aina hiyo inaweza kuwa bingwa na inaweza kuvunjika, na ukiwa na tiketi mbili unaweza kupata yote mawili. Walipata yote mawili: 32 na 6. Bahati ilikuwepo, ila walikuwa wamesimama mahali inapopita. Ofa ya namba 8 isingewasimamisha hapo.

Sasa ule mkataba wa miaka sita. Kama kuna kitu kimoja ningekinyanyua mbele ya darasa ni hiki, kuliko jina lolote lililotajwa Aprili. Kocha anayeogopa kufukuzwa Desemba hawezi kumchukua mpokeaji mwenye goti lililochanika kwa namba 12; kijana yule msimu wa kwanza alidaka pasi moja tu, ya yadi 41, na wa pili akaanza kwa adhabu ya kamari. Mwaka wa tatu alivuka yadi 1,000. Kocha wa mkataba mfupi asingekuwepo kuuona mwaka wa tatu. Tunalijua hili vizuri sana huku kwetu, ambako kocha akipoteza mechi nne anafungishwa virago, kisha tunashangaa kwa nini haangalii timu ya vijana. Machaguo ya drafti ni mali ya muda mrefu. Ukimkabidhi mtu mwenye maisha ya muda mfupi atayala kama mbegu wakati wa njaa.

Cleveland wanaonyesha upande wa pili. Walikusanya machaguo kwa bidii kuliko timu yoyote, wakauza namba 2 ya mwaka 2016 kwa Philadelphia, na wakashinda mechi 1 kati ya 32 katika misimu miwili. Philadelphia walishinda fainali kuu Februari 2018. Rundo la tiketi halichezi. Hakukuwa na watu wazima wa kuwafundisha vijana jinsi timu inavyoishi, na aliyekusanya machaguo hakuruhusiwa kuyatumia hadi mwisho.

Kuhusu mkimbiaji kwa namba 12, nakiri nilicheka usiku ule na bado sijabadilika kabisa. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walionyesha kitambo kwamba timu hulipa ghali mno kwa machaguo ya juu, na kwamba faida kubwa, ukiondoa mshahara, mara nyingi iko chini kidogo kwenye foleni. Kwa mantiki hiyo kushuka kutoka 6 hadi 12 na kupata 34 ni sahihi kabisa. Lakini hoja ya kutomnunua mkimbiaji haikuwahi kusema kwamba mkimbiaji mzuri hapatikani raundi ya kwanza. Inasema kwa bei hiyo ungepata mtu wa nafasi adimu. Tachidauni 20 haziijibu hoja hiyo. Kinachoijibu kwa sehemu ni kwamba nafasi adimu tatu, mlinzi wa safu ya mbele, mkimbizaji wa kwotabeki na mpokeaji, walishazijaza 2021 na 2022. Timu iliyo mwaka wa kwanza wa ujenzi ikiiga namba 12 ya 2023 itakuwa imenunua mapazia kabla ya kupiga bati.

Walipochemsha walichemsha kwa mtindo unaofanana. Namba 41 ya 2021 alikosa msimu mzima wa 2022 kwa mgongo. Namba 46 ya 2022 alisumbuliwa na majeraha. Namba 68 ya 2023 alikuwa kwotabeki mwenye goti bovu na miaka 25, akacheza dakika za kuhesabu, akaachwa 2025. Kwa namba 96 ya mwaka huo waliunganisha machaguo matatu ya chini ili wapande wamchukue mtu mzito ambaye hakupata hata nafasi ya kudumu kikosini. Raundi ya pili na ya tatu walikuwa wepesi kununua majeruhi na watu wabichi kwa imani kwamba muda upo. 2021 muda ulikuwepo. 2023 tayari walikuwa timu ya ushindi, na Oktoba 2024 mkimbizaji wao wa kwotabeki alipovunjika mguu, wale waliopaswa kuwa akiba ndio hawakutosha. Timu bora ya ligi ikaruhusu pointi 45 kwenye mtoano nyumbani kwake.

Na bei nafuu ina tarehe ya mwisho. Tarehe 24 Aprili 2024, siku moja kabla ya drafti ambayo safari hiyo ilifanyika kwenye mji wao mbele ya watu zaidi ya 775,000 kwa siku tatu, yule jitu wa namba 7 alikubali mkataba mpya wa dola milioni 112 na yule namba 112 wa milioni 120. Zamu yao kwenye foleni ilikuwa 29. Wakatoa chaguo la raundi ya tatu wasogee hadi 24, wakachukua beki wa pembeni. Mwezi uliofuata Kwotabeki wa Fidia, yule waliyelipwa ili wambebe, akasaini miaka minne kwa dola milioni 212.